SSD ndani ya kompyuta kuukuu: uzoefu wangu hapa Mwanza

Nianze na jibu kwa wenye haraka: SSD (diski ya kisasa isiyo na kinachozunguka ndani) ya GB 256 imeifufua kompyuta yetu ya mezani, na katika pesa zote ambazo mashine hii imeshanila, hizi sizijutii hata kidogo. Wenye nafasi waendelee, maana malalamiko nayo yapo.

Ni mashine ya mtumba, prosesa Core i5 ya kizazi cha 3, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8, na diski ya kuzunguka ya GB 500. Hapa Nyegezi inatumiwa na nyumba nzima: watoto na masomo yao, mama watoto na hesabu zake za dagaa kwenye Excel. Ilifika mahali mteja yuko kwenye simu anauliza deni lake, mama watoto anamwambia "subiri kidogo", na kale kaduara kanazunguka tu.

Mafundi wengi mjini dawa yao ni moja: tuipige Windows upya. Wa kwanza alifanya hivyo, akachukua chake, mashine ikawa nyepesi kwa muda kisha ikarudi kulekule. Safari hii nikataka kujua kwanza inaumwa nini. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja inafunguka Task Manager, na pale unaona CPU (yaani prosesa), RAM na diski kila moja inafanya kazi kiasi gani. Kwangu CPU ilikuwa imetulia, RAM haijafika hata nusu, lakini diski imeng'ang'ania asilimia 100 kabla sijafungua chochote. Na ukitazama kasi inayosomeka, ni MB moja au mbili kwa sekunde! Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachosogea huku na huko kutafuta data juu ya sahani, kila safari inakula milisekunde kadhaa, na Windows inapowaka inadai vijifaili maelfu vilivyotawanyika. SSD haina kinachosogea. Kwa hali hiyo, aliyenishauri niongeze RAM angenilia hela bure.

Fundi niliyempata maeneo ya Makoroboi ni kijana mtulivu, haongei sana. Alipofungua ubavu wa kasha akanyamaza, akanigeuzia nione. Vumbi lilikuwa limeshikana na mabawa ya vile vidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku, likaziba nafasi zote chini ya feni ya prosesa kama blanketi. "Mzee, hii ilikuwa inapumua kwa shida," akasema. Akalipuliza kwa blowa nje ya banda, akafuta ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, kwa hiyo wenzangu mnaokaa karibu na maji, fungueni kasha hata kama diski ni nzima. Kazi hiyo hakunidai hata senti.

Kwenye SSD yenyewe kuweni macho. Ya kwanza kuletewa, kutoka duka la jirani, ilikuwa ya bei poa na iko ndani ya plastiki yake safi. Tukaichomeka na kuitazama kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo inaonyesha diski imeshawaka kwa saa ngapi tangu izaliwe. Maelfu ya saa! Imetumika mahali, ikafutwa, ikafungwa upya. Ikarudi ilikotoka. Iliyofuata ilisoma sifuri, nikaichukua kwa elfu 75 baada ya kuvutana kidogo. Programu hiyohiyo iliipa diski yetu ya zamani alama ya njano, maana yake ina sehemu zilizokwisha haribika. Hesabu za dagaa zilikuwa zinakaa juu ya kitu hicho.

Kuhamisha kila kitu kwenda SSD kulikula mchana mzima, kwa sababu mwendo unafuata wa diski mbovu. Ila faida yake ni kwamba programu, mafaili na hata picha ya mbele vilikuja vilevile, hakuna cha kusakinisha upya.

Sasa hivi kutoka kubonyeza swichi hadi faili la dagaa kufunguka haifiki dakika. Watoto wameacha kugombana nani awashe mapema.

Ya kulalamikia: SSD ni ya inchi 2.5, nafasi ya diski kwenye kasha la mezani ni ya inchi 3.5, na fundi badala ya kuifunga kwa fremu yake aliibandika kwa gundi ya pande mbili. Haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo mtikisiko si hoja, lakini joto la kasha na gundi sijui nani atachoka kwanza. Pia SSD haibadilishi umri wa mashine. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta). Fundi alijitolea kuingiza hiyo Windows 11 kwa mlango wa nyuma, yaani kwa kukwepa masharti hayo, nikamwambia aache kwanza.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya gundi, na akiniletea fremu nitairudisha.