Karura kwa mkimbiaji wa miaka 63 aliyeumia kano

Wazee wenzangu wa Nairobi huniuliza waanzie wapi tena mbio baada ya kuumia mguu. Jibu langu ni Msitu wa Karura. Sifa zake nyingi hutoka kwa wapiga picha na waendesha baiskeli, lakini mimi nautazama kwa jicho la mtu mwenye kano inayolalamika.

Nimekimbia tangu nikiwa mwalimu kijana. Nilipofika miaka 61 kano ya kisigino cha kushoto iliumia, ile kamba nene inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ilivimba, na asubuhi nikitoka kitandani nilikuwa nashika ukuta hadi chooni. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, na umri ukisonga inapunguza unyumbufu, ndiyo sababu hupona kwa miezi. Jambo jingine wengi hawaambiwi: antibiotiki za jamii ya ciprofloxacin, ambazo huandikwa kwa maambukizi ya mkojo na ya tumbo, huongeza hatari ya kano kuchanika, hasa kwa aliyepita miaka 60. Ukiandikiwa, mweleze daktari kwamba unakimbia na kwamba umeshawahi kuumia kano.

Fizio wangu, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, alinipa zoezi la Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Sweden, lililochapishwa 1998. Unasimama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya wayo, unajiinua kwa mguu mzima, kisha unajishusha polepole kwa ule mgonjwa mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, mikupuo mitatu, goti likiwa limenyooka. Halafu vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Ni zoezi la kuchosha, na ninaliamini kabisa. Baada yake ndipo nikaruhusiwa kukimbia dakika moja, kutembea mbili, kukimbia tena moja.

Hapo ndipo Karura inapoingia. Kando ya barabara za mtaani kwetu lami huinama kuelekea mtaro, kwa hiyo mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwingine hatua baada ya hatua, na kisigino hupinda. Msituni njia ni za udongo mwekundu ulioshindiliwa na magurudumu na nyayo. Hazigongi kama lami, wala hazimezi kisigino kama mchanga wa ufuoni, ambao huivuta kano kupita kiasi. Barabara pana za ndani ndizo za kuanzia. Unakimbia kivulini, huna matatu nyuma yako, na kichwa kinapata nafasi ya kuusikiliza mguu.

Kinachonifaa zaidi ni vile vigingi vyenye namba kwenye makutano ya njia. Kwa kijana ni vya kutafutia njia tu. Kwangu ni namna ya kujua nikate wapi nirudi kabla mguu haujakasirika, na nikikwama naweza kuwapigia simu walinzi wa msitu nikasema niko namba fulani, wakanifikia. Mkimbiaji mzee asiyejua umbali wa kurudi huwa anajilazimisha kukimbia hata pale alipopaswa kusimama.

Maporomoko ya maji na mapango ya Mau Mau ni mazuri, lakini yako chini mtoni. Kurudi kutoka huko ni kupanda, na mpando huinyoosha kano sana. Aliyerudi karibuni aende huko kwa kutembea. Masika nayo yana shida yake: ule udongo mwekundu hunata kwenye soli hadi raba ziwe nzito, na unapojisukuma mguu huteleza nyuma, shavu likashtuka. Majuma hayo mimi hubaki kwenye barabara pana zilizomwagwa murram, ule udongo wa changarawe. Wikendi kuna watu wengi, watoto na baiskeli zinazokuja kimya kutoka nyuma.

Sipiti lango lile bila kumkumbuka Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira. Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti hapa, wakati vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa watu wajenge. Leo kuna zaidi ya hekta 1,000 za miti ndani ya jiji, na mbega wanaruka juu yangu nikihesabu dakika zangu. Ninalithamini hilo kila ninapokanyaga pale.

Kanuni niliyopewa na fizio naifuata mpaka sasa: maumivu yasizidi 5 kwa kipimo cha 10 wakati wa mbio, na asubuhi inayofuata ugumu wa kisigino usiwe umeongezeka. Ukiongezeka, unapumzika na kurudi hatua moja nyuma. Kwa kufuata hivyo nimefika dakika 30 mfululizo, polepole, na nimeridhika sana.

Nenda siku ya kazi, lango linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Beba kitambulisho ili ulipe ada ya raia, na uwe na pesa kwenye simu kwa sababu hawapokei taslimu. Tembea dakika kumi kwanza kabla hujakimbia hata hatua moja. Asubuhi ya Karura ni ya baridi, na kano ya mzee huchelewa kupata joto.