Programu ya Kupima Mchango wa Kila Wakala: Hesabu Safi, Mpangilio Uliojificha

Roboti sita zinapohamisha mizigo ghalani na kundi zima likapewa alama moja, yaani idadi ya mizigo iliyofika, huwezi kujua kwa kutazama tu kila roboti imechangia kiasi gani. Programu niliyoitumia kwa wiki tatu katika majaribio ya kompyuta hulijibu swali hilo kwa njia mbili. Ya kwanza humwondoa wakala mmoja, yaani mtendaji mmoja wa kundi, hapa roboti, na kupima alama imeshuka kwa kiasi gani. Ya pili hukokotoa thamani ya Shapley, iliyobuniwa na Lloyd Shapley mwaka 1953, ambayo hutazama kila wakala anaongeza nini anapojiunga na wenzake kwa kila mfuatano unaowezekana, kisha huchukua wastani.

Nilianza na jaribio ambalo jibu lake nilikuwa nalijua. Roboti mbili nilizipa njia moja ya kupitisha mizigo 30, na yoyote kati yake ingeweza kuimaliza peke yake. Nne zilizobaki nilizipa kazi zisizotegemeana. Njia ya kwanza ilizipa mbili hizo sifuri kila moja, kwa kuwa ukiiondoa moja, nyingine huziba pengo lote. Msomaji mwenye haraka angeliona jedwali hilo, akaziondoa zote mbili, na mizigo 30 ingebaki ghalani. Thamani ya Shapley iligawa 15 kwa 15, kama ipasavyo.

Kasi ya programu hainipi malalamiko. Mawakala 6 huunda miungano, yaani vikundi vidogo vinavyowezekana, 64 tu, ikiwemo ule mtupu, lakini 20 huunda 1,048,576, na hapo programu huacha kupitia yote, ikachagua mifuatano michache kwa bahati nasibu na kuonyesha ukubwa wa kosa linalotarajiwa kando ya kila thamani.

Shida nilikutana nayo nilipoziweka roboti kwenye ujia mwembamba. Roboti moja iliyokuwa ikizurura bila kubeba chochote ilipewa mchango mkubwa kuliko zote, jambo lililonichukua siku mbili kulielewa. Kumbe kwa programu hii, kumwondoa wakala ni kumsimamisha palepale alipo, kama mlinzi aliyelala mlangoni, naye anawazibia wenzake njia. Alama inaposhuka kwa sababu ya kizuizi hicho, upungufu wote huhesabiwa kuwa ni kazi aliyokuwa akiifanya alipokuwa hai. Nilipobadilisha mpangilio ili roboti iliyoondolewa itoweke kabisa, mchango wa mzururaji ule ulishuka hadi karibu na sifuri. Mpangilio wa tatu, wa kumfanya wakala atende ovyo, ulitoa tarakimu nyingine tena.

Chaguo zote tatu zimo, na kila moja ina mahali pake, ila jedwali la matokeo halionyeshi ni ipi iliyotumika. Sasa naiandika kwa mkono juu ya kila jedwali kabla ya kumpa mtu mwingine.