Betri ya sola ya shambani: ipi uiweke mbele, ipi uikimbie

Nyumba yetu ya shamba iko Handeni, mbali na nguzo ya mwisho. Paneli zilizo juu ya bati ni zile zile tulizoanza nazo. Betri iliyo ndani ni ya tatu. Watu wakija kuuliza habari za sola huanza na wati za paneli, wakaenda kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO), halafu betri wanaigusia mwisho, kwa pesa iliyobaki mfukoni. Mimi nawaambia waanze na betri, maana ndiyo inayokufa.

Kwanza jambo moja la kukuokolea hela. Kama kijijini kwenu nguzo zimeshafika, nenda ukalipie ile 27,000 ya kuunganishiwa umeme wa TANESCO na sola iwe ya akiba tu. Hakuna betri hapa chini inayoshindana na uniti za kijijini kwa bei. Maneno haya ni ya aliye mbali na waya.

Sasa piga hesabu ya unachokula kwa siku. Kwetu ni taa sita za wati 5 kwa saa tano, hizo ni wati-saa 150. TV ndogo ya wati 35 kwa saa nne ni 140. Simu na redio tuseme 60. Jumla 350. Friji ndogo ya shambani ukiiongeza, hata ile inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, inaweza kukuongezea 400 au 500 peke yake. Kitu chochote cha joto (pasi, jagi la kuchemshia maji, taa ya kuotesha vifaranga) kiondoe kabisa kwenye hesabu ya betri. Vifaranga wetu tunawawekea jiko la mkaa ndani ya chungu kilichotobolewa, na hawajawahi kulalamika.

Betri ya volti 12 yenye Ah 100 (ampea-saa 100) ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikiwa ya risasi (ile yenye sahani za madini ya risasi na tindikali), iwe ya maji au kavu, tumia nusu tu: 600. Ukiifyonza mpaka chini kila usiku unaikata miaka. Lithiamu unaweza kuitumia asilimia 80 au zaidi bila kuiumiza. Kwa hiyo Ah 100 ya lithiamu inafanya kazi ya Ah 170 hivi za risasi, na muuza duka hatakuambia hivyo kama mzigo alionao ni wa risasi.

Bei zinapanda na kushuka na dola, basi chukua bei unayotajiwa siku hiyo, uigawe kwa jumla ya umeme ambao betri itakupa maisha yake yote. Tuseme betri kavu ya Ah 100 ni laki nne. Inakupa wati-saa 600 kwa usiku, na ukiitunza itafika mizunguko 600 hivi, yaani kuichaji na kuitumia mara 600. Uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo hizo ni uniti 360, kila moja shilingi 1,100 na ushee. Lithiamu ya Ah 100 tuseme ni milioni moja: uniti moja kwa usiku, mizunguko 3,000, kila uniti inakuangukia kama shilingi 330. Iliyoonekana ghali dukani ndiyo rahisi.

Ya kwanza: lithiamu fosfeti

Kwenye boksi itaandikwa LiFePO4. Usikubali "lithiamu" tu. Ziko za aina nyingi, na zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato na pikipiki za umeme mara nyingi hazina utulivu wa hii. Ah 100 ina uzito wa kilo 10 hadi 13, unaibeba kwa mkono mmoja kwenye bodaboda. Haitaki maji, haitoi hewa ya kulipuka, na haiumii ukiiacha nusu chaji wiki nzima ya mawingu. Hilo la mwisho ndilo lililonishawishi, kwa sababu masika ya Handeni huua betri za risasi kwa kuziacha na njaa.

Ina masharti. Ndani yake kuna bodi ya ulinzi, BMS, inayokata umeme mambo yakizidi. Uliza inapitisha ampea ngapi. Inveta ya wati 1,000 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inavuta ampea 80 na zaidi. Bodi ya ampea 50 itakata pampu ikianza tu, na utaambiwa betri ni mbovu. Kontrola, kile kifaa kinachopimia betri chaji kutoka kwenye paneli, nayo iwe na mpangilio wa lithiamu. Na usiiunganishe sambamba na betri yako ya zamani ya risasi eti zisaidiane, kwa sababu hazielewani kwenye volti. Jingine la kuzoea: risasi ikichoka taa hufifia, unajua usiku umeisha. Lithiamu hukata ghafla, giza tii, kama mtu kazima swichi. Tulishtuka mara ya kwanza.

Walioko Makete na nyanda za Kitulo, ambako kuna asubuhi za barafu, waiweke ndani ya nyumba. Haichajiwi chini ya nyuzi 0.

Paneli ya wati 300 inatosha kuijaza Ah 100 siku yenye jua zuri.

Ya pili: tubula ya maji, kama kuna mtu nyumbani

Wengi wataweka betri kavu hapa. Mimi naweka tubula, ile ndefu yenye vifuniko sita na vipimo vya maji vinavyoelea. Sahani zake chanya zimejengwa kama mirija iliyoshika risasi isimomonyoke, na ikitunzwa hupita mizunguko 1,000. Ikipungua nguvu unaona, ukikosea unaweza kuirekebisha. Fundi yeyote wa wilayani anaijua.

Lakini inataka mtu. Kila mwezi fungua vifuniko, tazama maji, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa. Sio ya bomba, sio ya mvua, na sio tindikali. Nimemwona jirani akijazia tindikali kwa sababu dukani aliomba "maji ya betri" akapewa chupa isiyo yake. Soma chupa. Na iwekwe penye hewa, mbali na jiko, maana ikichaji hutoa haidrojeni. Chumba cha kulala watoto si mahali pake.

Ya tatu: betri kavu, jeli

Ni ya nyumba ambayo mnakwenda mwisho wa wiki na kumwachia kijana funguo. Tindikali yake imegandishwa kama jeli, kwa hiyo haimwagiki, haitaki maji. Tatizo lake ni joto na chaji ya kupita kiasi. Kontrola iliyopangwa kwa betri ya maji itaipandisha volti mpaka jeli ikauke, na ikikauka hakuna pa kufungua. Joto nalo: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi kama nusu. Chini ya bati bila dari, saa nane mchana, fikiria mwenyewe.

Hapa ndipo feki zilipojaa. Nenda dukani na mizani ya kupimia mahindi. Jeli halisi ya Ah 100 haipungui sana kilo 28. Ukiona 19, mwenye duka anauza plastiki na hewa. Uzito peke yake hautoshi, kwani wengine huongeza uzito kwa vitu visivyo risasi, kwa hiyo pima na volti: ikiwa imetulia, betri mpya iwe 12.7 au jirani. Ikisoma 12.2 imekaa rafuni hadi ikaisha nusu. Kijana mmoja dukani aliponiona natoa mizani alicheka, "Mzee, umekuja kununua betri au mbuzi?" Tulicheka wote, kisha akaenda stoo kuleta nyingine.

Ya nne: seti za kulipa kidogo kidogo

Hizi za kulipia kwa simu zina betri ndogo ya lithiamu ndani, taa tatu nne, redio, pengine TV. Kwa kaya inayotoka kwenye kibatari ni hatua nzuri. Ila jumlisha malipo yote hadi mwisho kabla hujasaini, na ujue usipolipa inajifunga. Haikui na nyumba pia. Mwaka wa pili ukitaka friji unaanza upya.

Ya mwisho: betri ya gari

N70, N100, majina tunayajua wote. Imejengwa kwa sahani nyembamba nyingi ili itapike umeme sekunde chache injini iwake, halafu ichajiwe papo hapo. Kuitumia usiku kucha ni kumtwisha magunia mkimbiaji wa mita mia. Yangu ya kwanza ilikuwa N70. Mwezi wa kwanza taa ziliwaka hadi jogoo. Mwezi wa nane, TV ilikata katikati ya taarifa ya habari, na mama watoto hakusema kitu, alinyanyuka tu akaenda kutafuta kibatari. Asubuhi nilifungua vifuniko: maji chini ya sahani, na sahani zenyewe zimeota ukungu mweupe, chumvi ya risasi iliyogoma kurudi.

Za mitumba kutoka minara ya simu sizipangi kabisa. Hujui zimefanya kazi miaka mingapi, na nyingine zimeibwa. Polisi wakizifuata watamkuta aliye nazo.

Yoyote utakayochukua, dai risiti ya EFD yenye namba ya betri, vinginevyo waranti ni hadithi. Weka fyuzi karibu kabisa na kichwa chanya. Na ukikaza nati, spana izungushiwe utepe: yangu iligusa vichwa vyote viwili mara moja, ikaacha alama nyeusi na kikovu kidoleni ninachoandikia.

Ile N70 sikuivunja wala kuiuza kwa wanaoyeyusha risasi uani. Kwa jirani zetu wa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido aliyewapigania alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri yangu niliirudisha dukani ikiwa nzima, na maji yake ndani. Walinipunguzia bei ya tubula.