Redio ya kubeba safarini: fungua mlango wa betri kabla hujalipa

Tarehe 21 Januari 2024, saa mbili usiku, nilikuwa Rangwi, katikati ya milima ya Usambara, nimekaa kwenye benchi la mbao huku kidole gumba changu kimegandamiza betri mbili. Taifa Stars walikuwa wanacheza na Zambia kule San Pedro, Ivory Coast. Simu zetu zilikuwa hazishiki mtandao tangu mchana, na watu saba walikuwa wameizunguka redio yangu. Kifuniko cha betri kilikuwa kimedondoka njiani, nadhani kwenye majani pale tulipokaa kula mihogo. Nikilegeza kidole, redio inakata. Nikikaza, inarudi na mkwaruzo.

Msuva alipofunga dakika ya 11 tulisikia vizuri, tukashangilia hadi wenyeji wakatoka nje. Dakika za mwisho kidole kikafa ganzi. Nikabadili mkono, na redio iliporudi, sauti ya mtangazaji peke yake ilitosha kutuambia: Daka amesawazisha, dakika ya 88. Mdogo wangu hakunisemesha mpaka asubuhi.

Redio ile ilikuwa na miezi minne tu. Niliinunua Kariakoo, nikaijaribu sauti, nikavuta antena, nikasikiliza stesheni tano. Kile kipande cha plastiki cha nyuma sikukigusa hata mara moja.

Niliposimulia kisa hiki ndipo nikajua tuko wengi. Kaka mmoja wa Songea aliniandikia kwamba redio yake ya shambani inaishi ndani ya mpira wa baiskeli mwaka wa sita sasa. Dada mmoja wa Pemba anasema mume wake akienda nayo baharini huifunga kwa kipande cha kanga, na bado betri zimeshadondoka kwenye ngalawa mara mbili. Na wewe unayesoma, nenda kaangalie redio ya babu yako kijijini. Kama haijafungwa mpira au kamba, babu ana bahati.

Kwa hiyo sitakuchosha na ukubwa wa spika wala rangi. Hayo utayaona na kuyasikia mwenyewe dukani. Nataka tukae kwenye mlango wa betri, kwa sababu ndio unaoamua kama redio itafika siku ya tatu ya safari.

Mlango huo unashikwa na kijino kimoja kidogo cha plastiki, mara nyingine viwili. Ndani yake kuna springi, na springi zinasukuma betri muda wote, usiku na mchana. Kwa hiyo kijino hakipumziki. Kila ukibadilisha betri unakipinda kidogo. Ukiiacha redio juani kwenye dashibodi au juu ya hema, plastiki inakauka na kuwa kama ganda la yai. Kisha unaiweka kwenye begi, inabanwa na sufuria, kijino kinakatika. Nyumbani utaiegemeza ukutani na maisha yataendelea. Porini kifuniko kikianguka kwenye majani hukioni tena.

Ukifika dukani fanya hivi. Mwambie muuzaji atie betri kwanza, ndipo uukague mlango. Bila betri kila mlango unafunga vizuri, kwa kuwa hakuna kinachousukuma. Zikishaingia, funga, usikilize kama unalia "tak". Ukiingia kimyakimya kama droo iliyolegea, rudisha. Halafu ushike kijino chenyewe kwa ukucha: kikiwa chembamba kuliko ukucha wako, rudisha. Igonge redio kwenye kiganja mara tano sita ikiwa imewashwa. Ikikata sauti hata mara moja, springi ni dhaifu au mlango unacheza. Angalia pia kama kuna utepe wa kutolea betri. Usipokuwepo, siku moja utachokoa kwa kisu na kupindisha springi. Ukipata mlango wenye bawaba, ule unaofunguka bila kuachana na redio, hiyo ni heri kubwa. Kama unaachana kabisa na redio, siku hiyohiyo ya kununua toboa tundu dogo pembeni mwa kifuniko, ukifunge kwa uzi wa nailoni kwenye mkono wa redio.

Sasa nizipange redio zenyewe. Nimepanga kwa mtu anayetembea kwa miguu au anayelala nje siku mbili hadi tano.

Ya kwanza ni Sony ICF-306, na nasema wazi kwamba naipenda. Ni FM na masafa ya kati (AM) tu, ina gurudumu la kuzungusha kutafuta stesheni, haina saa wala kioo cha namba. Inatumia betri mbili ndogo za AA, na Sony wenyewe wanataja takriban saa 100 za FM kwa betri za alkalaini. Safari ya siku nne haimalizi hata nusu ya hapo, ukisikiliza asubuhi na jioni. Niliinunua baada ya Rangwi. Nimepanda nayo kutoka Lushoto hadi Mtae mara mbili, imenyeshewa ukungu, imelala chini ya buti, na mlango wake bado unalia "tak" kama siku ya kwanza. Watu huniambia ni ya kizamani. Pale Mtae, ukingoni kabisa, mahali ambapo siku ya anga safi unaiona Kilimanjaro, FM inaingia kutoka mbali kwa sababu hakuna mlima unaoizuia. Ukishuka bondeni inapotea, kwani mawimbi ya FM hayapindi mlima. Hapo unahamia masafa ya kati, ambayo usiku husafiri mbali sana, na gurudumu la kizamani linakufikisha kwa sekunde mbili.

Ya pili ni Tecsun PL-310ET, kwa anayetaka masafa mafupi (SW), yale yanayoleta stesheni za mbali. Ina vitufe vya namba: unaandika masafa unayoyajua na kufika moja kwa moja. Wazazi wetu walikuwa wanayashika masafa ya BBC na DW kichwani. BBC ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957, DW mwaka 1963, na kuna nyumba ambazo saa ya taarifa ya habari ilikuwa kama ibada. Zanzibar nayo kwa miaka mingi imesikika hadi mabara mengine kupitia kilohezi 11735, mtambo ukiwa Dole. Kuitafuta sauti ya Unguja ukiwa kambini Ruaha, giza limeingia, ni jambo ambalo siwezi kulieleza likatosha. Redio hii inatumia AA tatu, na hilo ndilo linaloiweka ya pili: betri huuzwa kwa jozi, kwa hiyo daima unabaki na moja isiyo na mwenzake, na watu huichanganya na ya zamani. Usichanganye. Betri chovu ndiyo inayovuja kwanza. Jambo jingine: ukiipata ikitokea Marekani, hakikisha masafa ya kati yamewekwa kwenye hatua za kilohezi 9. Wamarekani hutumia 10, na ukiiacha hivyo utapita stesheni zetu pembeni pembeni, ukidhani redio ni mbovu.

Ya tatu, Panasonic RF-2400D. Hii ni ya wanaokwenda na gari, kwa sababu ni kubwa na inakula AA nne, ila sauti yake inajaza kambi nzima. Nina udhaifu wa moyo kwa jina hili. Kabla ya kampuni kuanza kuitwa Panasonic mwaka 2008 ilikuwa Matsushita, na Matsushita walikuwa na kiwanda hapa Dar es Salaam. Waliokua na betri za National wanajua ninachosema.

Ya nne ni Tecsun PL-330. Ni ndogo, inaingia mfuko wa shati, na inashika masafa mafupi vizuri mno kwa umbo lake. Inatumia betri ya BL-5C, ile ya Nokia 1100, kwa hiyo kifuniko chake hakisukumwi na springi kubwa. Kwa upande wangu wa mlango, ni salama. Tatizo ni kwamba betri ikiisha porini unahitaji umeme au betri nyingine uliyokwisha kuichaji, na BL-5C zinazouzwa mitaani sasa hivi ni za kubahatisha. AA unazipata hata kwenye kigenge kinachouza chumvi na viberiti tu.

Zile za bei nafuu zenye tochi, kadi ya kumbukumbu na sola mgongoni: kama mfukoni una elfu kumi na tano na unataka redio leo, nunua, funga mpira tangu siku ya kwanza. Sola yake usiitegemee. Sina zaidi.

Redio za mtumba kutoka Japani nazo ziangalie kwa makini. Nyingi za zamani FM yake inaishia megahezi 90, kwa kuwa ndivyo Japani ilivyopanga masafa yake wakati huo. Ni ugonjwa uleule wa redio za magari tunayoagiza. Redio ni nzima, imara, mlango wa betri mzuri kuliko wa redio mpya, lakini stesheni zetu nyingi ziko juu ya 90 na hutazisikia milele. Muuzaji anajua hilo. Atakuwekea stesheni moja iliyo chini ya 90 na kukuambia zote zinashika.

Kuhusu betri zenyewe, soma herufi ubavuni. R6 ni ya kawaida ya zinki na kaboni, LR6 ni alkalaini, HR6 ni ya kuchaji. Zote zina ukubwa mmoja, na wengi hulipia bei ya LR6 wakapewa R6 yenye karatasi ya dhahabu. Kwenye R6 kopo lenyewe la zinki ndilo linaloliwa kadiri betri inavyofanya kazi, hatimaye linatoboka na maji yake yanakula springi. Ukirudi safari toa betri usiku huohuo. Ukikuta unga mweupe wa betri ya alkalaini, pitisha pamba yenye siki au ndimu kidogo, kausha vizuri.

Na hapa naomba niseme lililonijaa moyoni kuhusu wauzaji. Kwa nini redio ya betri inajaribiwa kwa waya wa ukutani? Nimepita maduka sita Kariakoo, na katika maduka manne niliambiwa hawana betri za kujaribia. Wanauza redio za betri! Duka mojawapo lilikuwa na katoni nzima ya betri kwenye rafu nyuma ya kichwa cha muuzaji. Nilipotaka kununua mbili ili nijaribu, kijana akaniambia, "Dada, ukifungua boksi umenunua." Ukutani kuna karatasi: mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo nisifungue kabla ya kulipa, na nikishalipa nisirudishe. Mnunuzi amebaki na haki gani?

Kisha kuna hizi Sony zenye "n" mbili na Panasonic zenye herufi ya ziada, zimepangwa rafu moja na halisi, bei pungufu ya elfu tano tu ili usishtuke. Soma jina herufi kwa herufi, kwenye boksi na kwenye redio. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyoandikwa jina la bidhaa na modeli, na ukiuziwa bandia ipeleke Tume ya Ushindani, kwani kushughulikia bidhaa bandia ni kazi yao. Muuzaji akikuambia risiti inaongeza bei, ondoka. Mwanamke akiingia peke yake bei inapanda, hilo nimelipima: mimi niliambiwa 75,000, kaka yangu dakika kumi baadaye, duka lilelile, redio ileile, 60,000.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hakuna anayeuza kifuniko peke yake. Nilizunguka siku nzima na ile redio ya Rangwi mkononi, kila mtu ananiambia ninunue nyingine. Redio nzima itupwe kwa ajili ya kipande cha plastiki kisichozidi kidole. Niliyempata mwishowe ni fundi mmoja Manzese, mzee, anayekaa chini ya mwavuli nje ya saluni. Ana kopo la maziwa ya watoto limejaa vifuniko vya betri alivyovitoa kwenye redio zilizokufa, vya kila umbo. Alimwaga vyote kwenye gazeti, akachagua vitatu, cha pili kikakaribia. Akakipiga msasa upande mmoja, akakijengea kijino kipya kwa kipande cha kadi ya benki na gundi, akatia betri, akafunga. Kikalia. Alinitoza 2,000. Ukienda kwa fundi wa namna hiyo, nenda na redio yenyewe na betri zake ndani, usimpelekee picha kwenye simu.