Kichwa cha besi cha wati 500: nobu moja imenifanya nisikirudishe

Tumewaka? Taa ya simu inaonekana? Eti tumewaka zamani, amenirekodi nikijikuna mgongo. Hiyo utaikata, mpwa wangu, usinitie aibu kwa watu.

Haya, asalaam alaykum, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Karibuni tena kibarazani kwangu, hapa Makorora, Tanga. Leo nina hasira na nina furaha, na vyote viwili vimeletwa na kitu kimoja. Hiki hapa. Kichwa cha besi, yaani amplifaya ya gitaa la besi isiyo na spika ndani, boksi la spika unalichomeka pembeni. Nakishika hivi, mkono wa pili nimeshika kahawa. Kilo mbili na nusu! Mimi nimebeba vyombo vya bendi mpaka kiuno kikalegea, leo wati 500 nazitia kwenye mfuko wa daftari.

Jina nimelibandika plasta nyeusi, msilalamike. Hawajanilipa, hawajanipa hata kofia, niwatangazie kwa lipi? Anayekijua kwa sura atakijua tu. Na nobu za besi, mido na trebo siwaelezi, hizo hata redio ya shangazi inazo.

Tuanze na hasira. Nimekinunua kwa mkono, laki tisa, kwa mtu aliyekuwa anahama. Akaniambia, "Mwalimu, mia tano hizo, utapasua ukumbi." Nikafika nyumbani, nikakichomeka kwenye boksi langu hili, spika moja ya inchi 15. Nikasikiliza. Nikasema mbona mia tano zenyewe za kawaida hivi? Nikakigeuza. Sogea, mpwa wangu, waonyeshe hapa nyuma. Maandishi kama ya chupa ya dawa ya macho. Wati 500 kwa omu 4. Chini yake, wati 270 kwa omu 8. Na boksi langu ni omu ngapi? Nane!

Sasa wengi mnaniuliza omu ni nini. Ni ukinzani, yaani spika inavyoukatalia umeme usipite. Omu zikiwa chache umeme unapita mwingi, kichwa kinafanya kazi zaidi. Ukichukua maboksi mawili ya omu 8 ukayachomeka yote hapa nyuma, kichwa kinaona omu 4, kwa sababu haya matundu mawili ndani yameungwa sambamba. Hapo ndipo mia tano yako inatoka. Ukichukua maboksi mawili ya omu 4, kinaona omu 2, na hiki mwisho wake kimeandikwa 4. Ukibahatika kitajizima. Usipobahatika utaniletea hapa nikinuse. Hayo ndiyo mambo ya omu, msiniulize tena, nimeshasema.

Na sio hiki peke yake. Fender Rumble 500, ambayo vijana wa kwaya wananiuliza kila wiki, ukiipiga na spika zake za ndani tu inatoa wati 350. Mpaka uiongezee boksi la nje ndipo inafika 500. Ila wale wameandika, ukisoma utaona. Kosa langu mimi sikusoma, nilikuwa nashangaa wepesi.

Lakini ngojeni. Jana usiku nimekaa na kalamu. Kutoka 500 kushuka 270 umepoteza desibeli, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, zisizofika 3. Tatu! Na sikio la mtu, ili liseme "hii imepanda mara mbili," linataka desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo siku mbili nzima nimenuna, simsemeshi mtu, kwa desibeli 3. Mke wangu ndiye wa kuombwa radhi hapo, siyo mwuza kichwa.

Na hapa hapa niseme jambo. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja, nunua boksi la pili linalofanana na la kwanza. Kichwa kikubwa zaidi kiache dukani. Boksi la pili linakupa zile wati zilizokuwa zimelala, na linakupa karatasi nyingine ya spika ya kusukuma hewa. Jumla inaweza kufika desibeli 6. Kuna jamaa ana chaneli yake, simtaji, wafuasi wake ni wengi kuliko wangu, anawaambia watu "wati ndiyo kila kitu." Wati siyo kila kitu, kaka. Unawaingiza vijana hasara.

Tusimame kidogo, adhana.

Tumerudi. Sasa furaha. Mnaona nobu hii ndogo ya pembeni? Wenyewe wameiandika herufi tatu, mimi naiita nobu ya kukata chini. Inaanzia mawimbi 30 kwa sekunde, inafika 120. Ukiigeuza, kila kilicho chini ya hapo inakipunguza. Mtakuja juu: mpiga besi unakataje besi? Ndiyo maana nimelilaza boksi chali. Wavu nimeutoa. Hapa juu ya karatasi ya spika nimemwaga mchele, kijiko kimoja cha mezani. Mama watoto hajui. Kamera karibu, isiguse.

Nobu iko kushoto kabisa, haikati kitu. Sipigi noti yoyote. Nyuzi nimezibana kwa mkono wa kushoto, nazigonga kwa kiganja, kama wanavyofanya vijana wakipiga kwa mbwembwe. Tazama mchele.

Du! Mmeona? Punje zimefika miguuni kwa mpwa wangu. Na masikioni mmesikia nini? "Bup." Basi. Karatasi imetoka nje karibu upana wa kidole, umeme umeliwa, na sauti hakuna. Narudia. Bup. Mchele juu. Bup. Inatisha, ee?

Sasa nageuza mpaka kwenye 60. Mkono uleule, kugonga kulekule. Unatetemeka, haujaruka. Mara ya pili. Haujaruka! Na sauti? Ileile "bup."

Sasa noti ya kweli. Uzi wa E, mtupu. Nobu kushoto: duuum. Nobu kwenye 60: duuum. Mpwa wangu, wewe umesema ipi?

"Hiyo ya pili inasikika vizuri zaidi, mjomba. Ya kwanza ina kama kukoroma."

Sikumlipa.

Nawaambia kwa nini. E ya chini ya gitaa la besi ni mawimbi 41 kwa sekunde. Wewe unayeniangalia kwa simu, simu yako haitoi 41 hata uisomee dua. Lakini nilipopiga E ulijua ni besi, na ni noti ileile niliyopiga. Uzi haupigi mlio mmoja. Unapiga 41, juu yake 82, juu yake 124, 165, unaendelea hivyo. Sikio likizipata zile za juu, ya chini linaijaza lenyewe. Kwenye ukumbi vilevile: sehemu kubwa ya unachokiita besi ni ile 82 na majirani zake. Lakini anayemtesa spika ni wa chini kabisa. Ukishuka oktava moja, yaani mawimbi yakawa nusu, ili sauti ibaki na nguvu ileile, karatasi lazima itembee mara nne. Na boksi lenye tundu kama hili langu, ukishuka chini ya mawimbi lililopangiwa, tundu halisaidii tena. Karatasi inabaki kama mlango usio na komeo siku ya kusi.

Na wenye besi za nyuzi tano ndio kabisa, B yenu ni 31.

Nina uchungu na jambo hili kwa sababu nimelilipia. Mwaka juzi, harusi moja huko Pongwe, kichwa cha zamani, boksi hilihili na spika nyingine. Ukumbi umejaa, nikaona siisikii besi yangu, nikaisukuma nobu ya besi mpaka mwisho. Nobu nyingi mwisho wake ni kama desibeli 12 juu. Hesabuni na mimi. Desibeli 3 ni wati mara mbili. Sita, mara nne. Tisa, mara nane. Kumi na mbili, mara kumi na sita! Nilikuwa napiga kwa wati 30, raha mustarehe. Kwa noti za chini nikawa naomba 480, kwenye spika ya 300. Ikaanza kukoroma, nikadhani ni utamu. Halafu harufu. Bi harusi akageuka kuangalia jikoni, akadhani pilau limeungua. Kumbe koili yangu, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika.

Kwa hiyo wale mnaouliza, "kichwa wati 500 na boksi wati 300, nitaunguza?" Utaunguza ukitaka. Kichwa hakimwagi mia tano zote muda wote, kinatoa unachokiomba. Kata chini, usisukume nobu ya besi mpaka ukutani, na ukisikia karatasi inakoroma shusha sauti palepale. Huisikii besi yako? Ongeza mido kidogo. Mido ndiyo inayovuka watu mia tatu waliovaa madira na makoti.

Wazee watanibishia: "Mbona zamani mlio ulikuwa mzito bila vinobu vyenu?" Wazee wangu wa Tanga nawaheshimu, mji huu umetoa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na Black Star ndio walioipa taarab magitaa na besi mpaka watu wakainuka vitini. Lakini chukua lile boksi linalosifiwa dunia nzima, la Ampeg SVT ya mwaka 1969, kichwa cha valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, wati 300, spika nane za inchi 10. Boksi lile halina tundu, limezibwa. Likifika karibu na mawimbi 60 sauti yake imeshaanza kuporomoka lenyewe. Ule uzito unaousikia ni wa juu ya hapo! Boksi linakukatia bila kukuomba ruhusa. Na kichwa chake peke yake ni zaidi ya kilo 30, sasa wewe panda nacho daladala.

Halafu mkipata cha valvu, chochote, msikiwashe bila kuchomeka boksi. Transfoma inakufa. Hivi vyepesi havina shida hiyo. Na vya mtumba kutoka Japani, geuza usome kabla ya kuchomeka: wao wanatumia volti 100, kwetu 230. Na waya wa gitaa usiutumie kupeleka umeme kwenye boksi, ni mwembamba ndani, unapata moto. Nimemaliza, hayo nimeyasema kwenye video nyingine na hamkuangalia.

Gitaa lenyewe nililotumia leo ni nakala ya Jazz Bass, yenye pikapu mbili, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi. Zikifunguliwa zote mpaka mwisho, mido inazama, unapotea kwenye ukumbi. Ile ya nyuma irudishe kidogo tu, utaona unavyotokeza. Mwenye gitaa la umbo la Precision hana shida hiyo, yeye pikapu yake moja inatokeza tu. Ni gitaa la tangu 1951 na bado hawajapata la kulibadilisha. Mimi lakini siipendi shingo yake. Nene.

Ubaya wa kichwa hiki? Feni. Sikilizeni. Nyuki hao. Jukwaani haisikiki, ila ukitaka kurekodi chumbani itakukera. Na taa yake ya bluu kali, sijui nani aliwaambia mpiga besi anataka kumulikwa. Mara ya kwanza niliwaza kukirudisha. Kwa laki tisa, na feni hii, na zile 270? Kisha nikaigusa ile nobu. Sasa hivi kuna kijana wa Ngamiani ananipigia, ameweka milioni moja mezani. Sijamjibu. Kwa milioni moja na mia... hapana. Siuzi. Labda baada ya harusi ya Jumamosi.

Chaneli: tumefika elfu nne, ahsanteni sana, gongeni kengele. Wiki ijayo nitakuwa na fundi seremala wa Chumbageni, tunachonga boksi la pili la plaiwudi ya milimita 18, omu 8, ili zile mia tano zitoke zote. Na kuna chombo kidogo cha kukanyaga kwa mguu kinachokata chini hivihivi, kwa wale ambao vichwa vyao havina nobu hii. Nikikipata kwa bei ya binadamu nitawaonyesha.

Nisaidie kulisimamisha boksi, mpwa wangu. Taratibu. Moja, mbili...

Nini hiyo? Tikisa tena.

Mchele umeingia tunduni. Sikilizeni, wadau. Kayamba kabisa. Zima, zima kamera, kalete bisibisi kabla mama hajarudi.