Ziara ya "Dar ya Zamani" na wazee: nyota mbili, na zote ni za dereva

Naanza na msimulizi, maana ndiye aliyeniudhi na sina subira ya kumweka mwisho. Coaster, basi dogo la ziara, imekwama Msimbazi, usawa wa Soko Kuu la Kariakoo, naye kwenye maiki anatangaza kwamba jengo lile walijenga Wajerumani. Mama mkwe wangu akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, soko hili limejengwa tunaliona, miaka ya sabini." Akajibiwa: "Bibi tulia, mimi nimesomea hii kazi."

Huyu ni mtu ambaye asubuhi, wakati tunapanda Mwenge, aliwapokea wazee wote kwa "mambo vipi, mko poa?" Shikamoo hata moja. Nilijisemea labda ni haraka ya kazi. Kumbe ndiyo ilikuwa salamu ya kututayarisha.

Aliyesomea angejua kwamba Wajerumani walijenga jengo la soko pale kweli, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye Waingereza wakapafanya kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Lakini zege lililopo leo, lenye mapaa kama miavuli iliyopinduliwa na upepo, ni kazi ya msanifu wetu wenyewe, Beda Amuli, miaka hiyohiyo ya 1970 aliyoitaja mama. Mapaa yale hayakuwekwa kwa urembo tu. Yamekaa vile ili yakusanye maji ya mvua. Liliungua Julai 2021, nchi nzima ikaona. Sasa mtu analipwa kusimulia jiji, anapita mbele ya jengo hilo, anampa sifa Mjerumani, halafu anamnyamazisha mama aliyelishuhudia likisimamishwa!

Tangazo lao linawaita wazee waliopanda kumbakumba, yale mabasi marefu ya UDA, shirika la usafiri la jiji, na kwenda sinema mjini, "walete wazazi waone Dar yao". Dar yao ni Mnazi Mmoja, Kariakoo, Magomeni, Kisutu. Tulichoshushwa kukiona ni Boma la Kale, makanisa mawili, sanamu na makumbusho. Mnazi Mmoja tulipita bila hata kupunguza mwendo. Magomeni haikutajwa, wakati nyumba aliyoishi Mwalimu ipo pale na ni makumbusho.

Kosa la pili ni mpangilio wa njia. Walianza na Posta saa nne, wakaiacha Kariakoo hadi saa saba mchana, tena Jumamosi. Saa hiyo mikokoteni na kirikuu zimeshajaa kila mtaa, Coaster haina pa kuegesha, kwa hiyo hakuna anayeshuka. Mnaitazama Kariakoo kupitia kioo. Na kiyoyozi ndipo kinapokufa: gari likiwa silensa kwenye foleni, yaani injini inanguruma bila gari kwenda, kompresa inazunguka polepole na kondensa, inayotoa joto nje, haipati upepo wa kutosha, hivyo kinachotoka juu ni upepo wa vuguvugu. Dawa yake ni kuipindua ratiba. Kariakoo saa moja asubuhi, wazee washuke watembee wakati maduka ndiyo yanafunguliwa, halafu Mnazi Mmoja, kisha mjini. Jumapili ni bora zaidi kwa upande wa Posta, barabara ni nyeupe. Ila makanisani kuna ibada, kwa hiyo mtaishia kuona kwa nje. Jumamosi mchana nako kuna harusi. Sisi kwenye kanisa la Azania Front tuliishia getini tukiangalia magari yaliyofungwa riboni.

Halafu viti. Kwenye simu waliniambia "gari haijazwi". Lilijazwa, hadi viti vya kukunja vya katikati. Kwa wasiojua shida yake: aliyekaa dirishani nyuma hawezi kushuka mpaka wote wa katikati wasimame, wakunje viti, watoke. Kwa mzee mwenye magoti mabovu hiyo ni kazi ya dakika kumi kila kituo. Ndiyo maana kuanzia kituo cha tatu wazee wa nyuma walianza kusema "nendeni tu, sisi tutawasubiri". Hawakuwa wamechoka. Walikuwa wanaona aibu kuwasumbua watu. Na spika ni moja, juu ya dereva. Kuanzia safu ya nne kwenda nyuma hakuna kinachosikika.

Dereva sasa, huyo Mungu ambariki. Ngazi ya Coaster iko juu, naye alikuwa na kigoda chake mwenyewe cha mbao chini ya kiti. Kila tukisimama anashuka, anakiweka, anakikanyaga kwanza yeye kuona kama kimetulia, ndipo anampa mzee mkono, mguu wenye nguvu unatangulia kupanda, mguu mbovu unatangulia kushuka. Shikamoo alitoa kwa kila mmoja. Sanamu ya Askari iko katikati ya kipilefti, huwezi kusimama pale, kwa hiyo alitushusha nyuma kidogo upande wenye kivuli na akazunguka kutupokea mbele. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Na niseme ukweli hata kama unaniuma: pale kwenye sanamu msimulizi alikuwa mzuri. Alieleza kwamba alipo askari palikuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, kwamba huyu wa sasa aliwekwa 1927, akawaonyesha watoto jinsi singe ilivyoelekezwa bandarini na maandishi yaliyo chini yake. Watoto walimsikiliza. Kama ziara ingeishia hapo ningempa nyota nne na kumsamehe salamu. Lakini haikuishia hapo, na nikikumbuka ule mkono aliomwinulia mama mkwe wangu, kama anayefukuza nzi, nyota hizo zinarudi mfukoni.

Ukienda bado, kwa sababu gari ni safi na dereva ni yule, fanya hivi. Wazee wakae safu ya pili, upande wa dereva. Kutoka Posta ya Zamani hadi Feri, na kutoka Feri kupanda Barabara ya Obama, bahari iko kulia muda wote. Asubuhi jua nalo litakuwa hukohuko, kwa hiyo hakikisha pazia linafungika. Choo subirini Makumbusho ya Taifa, kabla ya hapo ni kuomba hotelini. Simu ziwekwe chini mkikaribia Ikulu. Anayeweza kutembea ashuke Mnara wa Saa, ule wa kumbukumbu ya Dar kuwa jiji Desemba 1961, afuate Samora moja kwa moja hadi kwenye sanamu. Ni robo saa kwa mwendo wa mzee, na ndipo mama mkwe wangu alipofunguka kusimulia duka gani lilikuwa wapi. Bei ya kitambaa aliikumbuka. Kwa kweli ile robo saa ndiyo ziara niliyoilipia, na hakukuwa na maiki.

Kabla ya kulipa waulize kama viti vya kukunja vitatumika, na wajibu kwa maandishi.

Nilipolalamika ofisini kwao nilijibiwa kwa WhatsApp: "Pole kwa usumbufu, tunakupa punguzo safari ya Bagamoyo." Msimulizi ni yuleyule, niliuliza. Bagamoyo angalau Boma ni la Wajerumani kweli, huenda huko akapatia.