BMW M5 E39 kwa mfuko wa kubana: uzoefu wangu

Ukiona tangazo la M5 ya kizazi cha E39 inauzwa kwa bei ya gari dogo la familia, usikimbilie kulipa. Kilichoshuka hapo ni bei ya gari. Vipuri vyake havina habari na mnada huo: diski za breki, klachi na rejeta bado vinadaiwa pesa ya gari lililokuwa karibu na kilele cha orodha ya BMW mwaka 1998. Kipato changu ni cha kawaida, gari hili ndilo ninalotembelea, na sina mpango wa kuliuza. Lakini halijawahi kuwa gari la bei rahisi, hata siku niliponunua.

Kwa asiyelifahamu: ni sedani ya milango minne, injini V8 ya lita 4.9, nguvu za farasi 400, gia sita za mkono. Otomatiki haikuwahi kutolewa. Uzito unakaribia kilo 1,800, na kiwandani walilifunga lisipite kilomita 250 kwa saa. Uzalishaji ulikoma 2003, kwa hiyo hata lile la mwisho kabisa limeshapita miaka 20, na mimi naupigia hesabu umri huo kuliko kilomita. Mpira unakauka, plastiki inakuwa kama biskuti, gari liwe limezunguka nchi nzima au limelala chini ya turubai. Ndiyo maana tangazo la "kilomita chache, halijatumika sana" halinibabaishi.

Niliiangalia pia iliyofuata, E60 yenye V10. Farasi 507 na sauti ya kukufanya uzime redio. Ila gia za SMG, zinazobadilishwa na mashine bila kanyagio la klachi, zinategemea pampu ya haidroli, na beringi za koniroti (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) kwenye injini ile zinajulikana kuisha mapema. Kwa bajeti yangu nikaiacha iende na wenye uwezo.

Kwenye kununua, kitu cha kwanza ninachotaka ni kusikia injini ikiwashwa baridi. Muuzaji mmoja alinikaribisha kwa bashasha, nikaweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa ya moto. Nikamshukuru, nikaondoka. Injini hii ina VANOS, mfumo wa kubadilisha majira ya kemushafti, mhimili unaofungua vali, na ukichoka unasema wenyewe pale injini inapoamka. Kelele ya sekunde chache mpaka presha ya oili ipande inavumilika. Ikiendelea hata injini ikishapata moto, andaa pesa ya VANOS, au mbaya zaidi, ya vishikizo vya cheni inayozungusha kemushafti, kazi inayotaka mbele yote ya injini ifunguliwe.

Nililolichukua halikuwa zuri kwa macho. Rangi imepauka, kiti cha dereva kimechanika ubavuni, na maandishi ya skrini ya dashibodi yamekufa nusu, ugonjwa wa kawaida wa E39 za umri huu. Lakini lilikuja na bahasha nene ya risiti: oili sahihi, tarehe zinazofuatana, sensa za hewa zilizobadilishwa, hata barua ya mmiliki wa zamani akibishana na gereji kuhusu bushi, vile vipande vya mpira kwenye viungo vya gari. Mtu anayebishana kuhusu bushi analipenda gari lake. Kwenye orodha yangu lilikuwepo jingine linalong'aa, lina rimu mpya, halina karatasi hata moja. Ukweli ni kwamba mimi nilinunua bahasha, gari likaja nayo.

Pesa ya kwanza yote ilikwenda kwenye mfumo wa kupoza injini, kabla ya kitu kingine chochote: rejeta, tangi la maji la plastiki, thamostati, pampu ya maji na mipira yote. Gari halikuwa limechemsha, na sikutaka kusubiri lichemshe. Injini ni ya alumini, ina silinda hedi mbili, na joto likizidi hapo unaanza kuzungumzia kufungua injini. Tulipovua tangi la zamani, shingo yake ilibaki mkononi mwa fundi bila hata kutumia nguvu. Tukatazamana, tukaendelea na kazi. Mkataba wetu ulikuwa mwepesi: vipuri nanunua mimi, yeye namlipa ufundi, na kila kilichotolewa naonyeshwa.

Hapo kwenye vipuri ndipo mwenye bajeti ndogo anapoweza kupumua kidogo. Bodi ni ya E39 ya kawaida, kwa hiyo mitambo ya vioo vya milango na vikorokoro vingi vya ndani vinapatikana kwa bei ya kibinadamu kutoka magari yaliyokatwa. Kabla ya kununua chochote, linganisha namba ya kipuri; unaweza kukuta ulichokuwa unakitafuta kwa jina la M5 ni kilekile cha 540i, E39 ya kawaida yenye V8. Pili, tafuta aliyetengeneza kipuri chenyewe. Mikono ya mbele niliyofunga, ile inayoshika magurudumu, ni ya Lemförder, wale wale waliokuwa wakiwatengenezea BMW, na boksi lisilo na nembo ya BMW lina bei tofauti kabisa. Ila usiteremke chini ya hapo. Mikono ya jina lisilojulikana ni nafuu inayokulazimisha kulipa ufundi na alaimenti mara mbili.

Usukani nao una yake. E39 za V8 hazitumii reki, ule mfumo wa usukani wa chuma chenye meno, zinatumia sanduku la usukani, kwa hiyo hata likiwa zima kuna ulegevu kidogo katikati. Wapo mafundi wanaousikia wakakuambia ubadilishe kila kitu mbele. Kagua bushi na viungo kwanza.

Kuhusu oili sina utani. Inaingia lita 6.5, na inatakiwa 10W-60, kipimo cha uzito wa oili. Magari ya mwanzo yaliandikiwa 5W-30, kisha BMW wenyewe wakahamia kwenye nzito. Fundi mmoja alitaka kuniwekea iliyokuwepo dukani akisema, "Bosi, oili zote baba yao mmoja." Nilichukua funguo zangu. Injini hii pia inakunywa oili kidogo hata ikiwa nzima, kwa hiyo kijiti nakichomoa kila ninapojaza petroli, na lita moja ya akiba inakaa kwenye buti muda wote.

Kuna kitu kidogo kwenye dashibodi ninachokipenda kuliko hata sauti. Kwenye duara la mizunguko ya injini kuna taa ndogo za rangi ya chungwa zinazokuonyesha mwisho wako. Injini ikiwa baridi zinawaka nyingi, na kadiri oili inavyopata joto zinazima moja baada ya nyingine mpaka unaachiwa hadi mizunguko 7,000. Asubuhi naendesha kizee mpaka zizime. Anayekanyaga mafuta zikiwa zimewaka atanitafuta baadaye anieleze bei ya injini.

Matairi yanauma. Ya mbele ni 245/40, ya nyuma ni 275/35, rimu 18, maana yake huwezi kuyahamisha mbele na nyuma ili yaishe sawa. Ya nyuma yanakwisha haraka, na jinsi unavyoendesha ndiyo risiti yenyewe. Petroli inauma kila wiki: katika foleni napita lita 20 kwa kilomita 100 bila kujitahidi. Barabara ndefu, kwa mwendo wa kistaarabu kwenye gia ya sita, inashuka kwa kiasi cha kunifanya nisahau foleni. Tangi ni lita 70. Bima nayo waulize kabla ya kununua, maana wengine wakisikia M5 hawajali kwamba ni mzee.

Taa ya injini imewahi kuwaka kwa sababu ya masizi yaliyoziba njia za hewa ya ziada kwenye hedi, jambo linalojulikana kwa injini hizi. Gari lilikuwa linatembea vizuri tu. Nunua kifaa cha kusoma hitilafu na jifunze kukitumia. Kinajilipa siku ambayo mtu atakuambia "sensa zote zimekufa" na wewe unajua ni moja.

Na kuendesha? Watu wanadhani raha iko kwenye kasi. Kwangu iko katika ile hali ya kutohitaji kushusha gia. Uko gia ya nne nyuma ya lori, barabara imefunguka, unakanyaga, na lori limeshakuwa kwenye kioo. Kila silinda ina mlango wake wa hewa, hakuna turbo, kwa hiyo jibu linakuja papo hapo. Kitufe cha Sport kinaongeza ukali wa mafuta na kukaza usukani. Mjini nakizima, kinachosha. Likiwa limejaa watu wanne na mizigo, mwenye kukaa nyuma hajui amepanda nini, na hilo ndilo linalonifanya nivumilie yaliyobaki.

Kama pesa yako yote inaishia kwenye kununua, chukua 530i ya kizazi hichohicho, ni gari tamu na utalala. Mimi nilibakiza zaidi ya theluthi ya bajeti kabla ya kusaini, na mwaka wa kwanza uliimaliza.

Sasa hivi zamu ni ya klachi. Inashika juu sana, na nikikanyaga ghafla kwenye gia ya sita mizunguko inapanda kabla ya gari. Flaiwili, gurudumu zito linaloshikana na klachi, ni ya vipande viwili na huenda ikabidi iondoke nayo, kwa hiyo naweka akiba kidogo kidogo na kuendesha kwa adabu mpaka boksi la klachi ya Sachs lifike.